Nywila ya Mwalimu Mutahi

Kagure alikuwa msimamizi wa kompyuta katika Hospitali ya Karundori, hospitali ndogo ya kanisa iliyo kwenye njia ya kutoka Nyeri kwenda Naro Moru. Cheo kilikuwa kikubwa kuliko idara yenyewe. Alikuwa peke yake, katika chumba kimoja nyuma ya maabara, na humo chumbani mlikuwa na seva moja iliyobeba kumbukumbu za wagonjwa za miaka tisa.

Jumamosi moja ya mwezi wa nne, mvua ikiwa imenyesha tangu alfajiri, transfoma ililipuka na umeme ukapotea. Betri ya akiba ilishikilia kwa dakika arobaini, ikalia, ikanyamaza. Jenereta nayo ilikataa kuwaka hadi fundi alipoifungua na kuikausha. Saa tano asubuhi taa zikarudi, friji za dawa zikaanza kunguruma, na wauguzi wakamshukuru Mungu. Seva haikuamka.

Si kwamba ilikuwa imekufa. Ilianza vizuri, maandishi meupe yakipanda mbio kwenye skrini nyeusi, halafu ikasimama. Mstari wa mwisho ulisema kwamba kuna diski haipatikani, na kwamba anayetaka kurekebisha aandike kwanza nywila ya msimamizi mkuu.

Kagure alivuta droo, akatoa bahasha ya kaki yenye karatasi iliyoandikwa nywila. Alijua haitafanya kazi. Aliandika hata hivyo, herufi moja baada ya nyingine, kama zilivyokuwa kwenye karatasi. Mashine ikakataa. Akajaribu tena polepole zaidi. Ikakataa.

Mwandiko wa kwenye karatasi ile ulikuwa wa Mutahi.

Kila mtu pale hospitalini alikuwa akimwita Mwalimu, ingawa hakuwahi kushika chaki maishani mwake. Yeye ndiye aliyeijenga ile seva, akavuta nyaya mwenyewe juu ya dari, akawafundisha wauguzi kuandika kwa kompyuta badala ya madaftari. Kagure wakati huo alikuwa karani wa masijala, kazi yake kuchomoa mafaili ya karatasi na kuyarudisha. Siku moja alimwuliza Mutahi kwa nini kompyuta ya dirisha la kwanza la masijala inakwenda polepole kuliko ya dirisha la pili. Mutahi aligeuka kumtazama, akasema, "Wewe ndiye mtu wa kwanza hapa kuniuliza kwa nini. Wengine huuliza wabonyeze wapi." Tangu siku hiyo akawa anamfundisha saa za chakula cha mchana. Miaka minne walikula githeri wakiwa wameketi mbele ya skrini, sufuria ikiwa katikati yao, mpaka Kagure akaenda kusomea stashahada na kurudi kuwa msaidizi wake.

Kisha Mwalimu akaharibika. Hivyo ndivyo watu walivyosema: ameharibika. Akawa hatengenezi nakala za akiba, na akiulizwa anaapa kwamba ametengeneza. Akafuta kumbukumbu za wiki nzima za duka la dawa. Akaja mkutanoni siku ambayo hakukuwa na mkutano, na alipoambiwa, akafoka mpaka mate yakamtoka. Wakasema ni pombe. Mwalimu ambaye zamani alikuwa akimaliza sentensi zako kabla hujazimaliza, sasa alikuwa akianza zake na kuziacha hewani, kisha anamkasirikia aliyekuwa akisubiri.

Kagure alimfichia mara ya kwanza. Akamfichia mara ya pili. Mara ya tatu ilikuwa majibu ya damu ya wagonjwa wawili yaliyobadilishana, na muuguzi aliyagundua kwa bahati tu. Siku hiyo Kagure aliandika barua ya kurasa mbili kwa Daktari Kajuju, mganga mkuu. Mutahi akaitwa mbele ya kamati. Hakujitetea. Alisomewa makosa yake yote, akasikiliza akiwa ameshika kofia magotini, na mwishoni alisema tu, "Kama Kagure ameandika hivyo, basi ni hivyo." Akafutwa kazi kwa uzembe. Ijumaa ya mwisho alimkabidhi Kagure ile bahasha, wakapeana mikono bila kutazamana.

Wiki mbili baadaye Kagure alihitaji kuingia kama msimamizi mkuu, na nywila ikakataa. Habari ilizunguka hospitali nzima kabla ya chai ya saa nne: Mwalimu ametufungia kwa chuki. Kagure alimpigia simu. Mutahi alisisitiza kwamba nywila ni hiyo hiyo aliyoandika. Kagure alisikia sauti yake mwenyewe ikisema, "Mwalimu, sikujua uko na roho ndogo namna hii," akakata simu. Hawakuzungumza tena.

Miezi kumi na mmoja ikapita. Kuna njia ya kuweka nywila mpya hata kama huijui ya zamani, na Kagure aliijua. Lakini ilihitaji kuizima mashine, na mashine ilikuwa ikifanya kazi. Wauguzi waliingia na nywila zao wenyewe, wagonjwa wakahudumiwa. Kila mwezi alisema atafanya mwezi ujao. Sasa mashine ilikuwa imejizima yenyewe.

Daktari Kajuju alikuja mlangoni, mikono ndani ya mifuko ya koti jeupe. Alikuwa mwanamke wa Meru, mrefu, wa maneno machache.

"Inafunguka bila hiyo paswadi?" akauliza.

"Inafunguka, daktari. Shida ni hiyo diski. Inasema kuna moja imepotea na mimi sijui ni gani. Nikiingia bila kujua vile Mwalimu alizipanga, naweza kuharibu hata ile iko sawa."

"Na nakala za akiba?"

Kagure aliinamisha kichwa. "Ziko kwa hiyo diski ingine. Sina hakika kama ziko."

"Basi mwulize Mutahi."

"Daktari, huyo hatanisaidia. Unajua vile tuliachana."

"Kagure, Jumanne niko na wagonjwa kumi na wanne wa saratani. Gaceri wa Naro Moru kadi yake ilinyeshewa, imekuwa uji. Ile dawa nyekundu anapewa iko na kikomo. Ukipitisha, inaua moyo. Sikumbuki amepata kiasi gani tangu mwaka jana, na siwezi kukisia moyo wa mtu." Akageuka kuondoka. "Nenda kesho. Piga magoti ukitaka."

Jumapili Kagure alipitia Othaya hadi Kangema. Njia nzima alikuwa akipanga maneno: ataanza kwa kusema hakuja kugombana, akikataliwa, atamtaja Gaceri. Mwalimu hawezi kumkatalia mgonjwa.

Nyumba ya Mutahi ilikuwa juu ya barabara, katikati ya majani chai. Lango lilikuwa limefungwa kwa waya uliosokotwa upande wa nje, kwa namna ambayo mtu wa ndani hawezi kuufikia. Kagure alibisha hodi. Watiri, mke wa Mutahi, alitokea nyuma ya nyumba akiwa bado na nguo za kanisani, aproni juu yake. Alimtambua. Hakusema karibu.

"Mama Beth, nimekuja kumwona Mwalimu."

"Baada ya mwaka."

"Ni mambo ya kazi. Kuna shida kubwa huko—"

"Najua ni kazi. Hakuna mtu wa huko kwenu ashawahi kuja hapa na kitu ingine." Lakini alifungua waya.

Mutahi alikuwa ameketi kwenye kiti cha mbao barazani, koti lake la sufu limefungwa vifungo kombo. Alikuwa na miaka hamsini na sita na alionekana wa sabini. Alisimama kwa heshima, akampa Kagure mkono.

"Karibu, karibu mgeni. Umetoka mbali?"

Kagure alidhani anadharauliwa. "Mwalimu, sikuja kugombana," akaanza, kama alivyopanga. "Najua tulikoseana, lakini kuna wagonjwa ambao hawana hatia—"

Mutahi alimsikiliza kwa makini, akiitikia kwa kichwa. Kisha akamgeukia mkewe, akauliza kwa sauti ya chini, sauti ya mtu asiyetaka kumwaibisha mgeni: "Huyu ni rafiki ya Beth?"

Watiri alimketisha kwa kumshika bega, akamfungua vifungo na kuvifunga upya kimoja kimoja, akiongea na Kagure bila kumtazama.

"Ni ugonjwa wa kusahau. Alipimwa Nyeri mwezi wa tisa. Daktari alisema haukuanza juzi. Alisema ulianza kitu kama miaka mitatu iliyopita."

Kagure alihesabu kurudi nyuma. Hakutaka kuhesabu, lakini akili yake ilihesabu. Nakala za akiba. Duka la dawa. Mkutano. Majibu ya damu. Barua. Yote yaliingia ndani ya miaka hiyo mitatu, hakuna hata moja lililobaki nje.

"Mlisema ni pombe," Watiri akasema. "Mutahi hajawahi kuonja pombe. Hata kwa harusi yetu alikunywa soda."

Kagure angependa kuondoka. Lakini alimkumbuka Gaceri, na wengine kumi na watatu. Akachuchumaa mbele ya kile kiti. Mambo ya diski yalikuwa marefu mno kwa Mwalimu sasa, akaanza na lililo jepesi. "Mwalimu, nina swali moja tu. Seva ya Karundori. Nywila ya msimamizi mkuu."

Kitu kikabadilika usoni mwa Mutahi. Aliketi wima. Kwa muda mfupi Kagure aliuona uso wa zamani, uso wa saa za githeri.

"Ya Karundori? Andika," akasema. "Herufi kubwa ya kwanza, mbili ndogo, halafu tarakimu." Akaitaja yote, herufi kwa herufi, bila kusita hata mara moja. Ilikuwa ileile ya kwenye bahasha. "Niliiandika kwa karatasi, nikampa msichana mmoja pale. Msichana mwerevu sana. Ukienda yeye atakuonyesha."

"Anaitwa nani, Mwalimu?"

"Nani?"

"Huyo msichana."

Mutahi alifungua mdomo. Alitafuta. Alitazama mikono yake, akatazama majani chai, na yale maarifa yote yaliyokuwa yamerudi usoni yakaondoka. "Mmeshakunywa chai?" akauliza.

Watiri alimsindikiza Kagure hadi langoni. Hapo ndipo aliposema lile alilokuwa amelihifadhi.

"Siku ile ulipiga simu, ilikuwa kwa spika. Nilisikia. Ulimwambia ana roho ndogo. Ulipokata, alienda mezani akachukua karatasi. Akaandika hiyo paswadi. Akaandika tena, na tena. Karatasi tatu, mbele na nyuma, akitafuta pahali amekosea. Mpaka giza ikaingia, nikamnyang'anya kalamu." Akasokota waya. "Nenda salama."

Jumatatu saa moja asubuhi Kagure alikuwa chumbani kwake; hakukuwa na mwingine wa kumwuliza, ilibidi ajaribu mwenyewe. Aliiwasha seva kutoka kwenye flashi badala ya diski yake, kama vile mtu anavyoingia nyumba kwa dirisha la jikoni wakati mlango umekwama. Kutoka huko nje angeweza kuyasoma mafaili ya ndani. Alifungua kwanza orodha ya diski, ile ambayo mashine huisoma kila inapoamka ili ijue ni diski zipi izitafute.

Alilipata kosa mara moja. Mstari wa mwisho uliitaja diski ya nakala za akiba kwa jina lake refu, lile la herufi na tarakimu thelathini na kitu, na jina hilo halikuwa sahihi. Tarakimu mbili zilikuwa zimebadilishana. Mstari ulikuwa umeandikwa wiki ya mwisho ya Mutahi kazini. Kwa kuwa mashine haikuwahi kuzimwa tangu hapo, haikuwahi kuusoma, mpaka Jumamosi. Diski yenyewe ilikuwapo, nzima, imechomekwa mahali pake.

Lakini juu ya mstari huo kulikuwa na mistari mingine kumi na mmoja, yote ni majaribio ya jina lile lile, kila mmoja ukiwa na alama mbele yake ya kuuzima, na kila mmoja umekosewa mahali tofauti. Na katikati ya mistari hiyo mlikuwa na maneno ambayo mashine huyapuuza, maneno ambayo mafundi huwaandikia mafundi wenzao.

*Soma jina polepole. Weka kidole kwenye skrini.*

*Umeshafanya hii jana. Usifanye tena.*

*Umeshafanya hii. Ni wewe uliandika hapo juu.*

Kagure aliweka mkono mdomoni. Nje ya mlango wafanyakazi wa maabara walikuwa wakicheka jambo fulani. Akasahihisha zile tarakimu mbili. Akaweka nywila mpya. Akachomoa flashi na kuiwasha mashine, na safari hii ilipita pale ilipokwama, ikafika hadi mwisho, ikamwomba jina na nywila. Akaandika ile mpya. Ikakataa.

Aliitazama skrini. Aliandika tena, ikakataa tena, ingawa nywila hii alikuwa ameiweka kwa mikono yake dakika kumi zilizopita. Ndipo akakumbuka somo la mchana mmoja wa miaka mingi nyuma, Mwalimu akiwa na kijiko mkononi: mfumo huu una mlinzi ndani. Ukiligusa faili la nywila kutoka nje, mlinzi halitambui tena, analikataa hata kama liko sawa. Lazima uagize mafaili yote yakaguliwe na kutiwa alama upya. "Wengi husahau hapo," Mutahi alisema siku hiyo. "Wanafikiri wamekosea nywila. Hawajakosea. Ni kwamba hawaaminiki."

Alirudi kwa flashi, akaacha agizo hilo, akaiwasha upya. Ukaguzi ulichukua dakika ishirini na tano. Kisha seva ikamfungulia.

Alitafuta kwanza kumbukumbu za Gaceri, akazichapisha, akampelekea Daktari Kajuju mkononi. Daktari alizisoma akiwa amesimama, akijumlisha kwa kalamu pembeni mwa karatasi, kisha akaketi.

"Amefika kikomo," akasema. "Dozi ya mwisho ndiyo ilikuwa mwisho wake. Kesho ningempa ingine."

Siku iliyofuata Gaceri alibadilishiwa dawa. Alilalamika kidogo kwamba amezoea ile nyekundu, kisha akaomba chai isiyo na maziwa. Hakuambiwa zaidi ya hapo, na jioni alirudi Naro Moru.

Kagure alikuwa amebaki na jambo moja. Alitaka kujua ni lini hasa nywila ilibadilika. Kumbukumbu za mfumo zilimwonyesha: mara tatu katika wiki ile ya mwisho, na mara ya tatu ilikuwa Ijumaa yenyewe, saa tisa alasiri, saa moja kabla ya bahasha. Na ndani ya folda binafsi ya Mutahi kulikuwa na faili moja lililoitwa *kumbuka*.

Lilianza kama miaka miwili na nusu nyuma. Mwanzoni yalikuwa mambo madogo.

*Maabara ni mlango wa tatu, si wa pili.*

*Beth yuko Thika. Nakuru alihama.*

*Nakala za akiba: ukiona tiki kwenye kalenda, umeshafanya. Usimwulize Kagure, umemwuliza mara mbili leo.*

*Ukikasirika, toka nje kwanza. Hawajakukosea.*

Kisha, katika tarehe za wiki ile ya barua:

*Kagure ameandika barua kwa daktari. Mwulize kwa nini.*

Siku iliyofuata: *Mwulize Kagure kuhusu barua.*

Siku iliyofuata tena: *Kuna barua. Mwulize Kagure, kwa upole, labda kuna kitu umemfanyia.*

Na siku mbili baadaye: *Usimwulize. Nimeangalia majibu ya damu mwenyewe. Ni mimi. Ana haki. Lakini sijui kwa nini nakosea, na sina mtu wa kumwuliza.*

Maandishi ya mwisho yalikuwa ya ile Ijumaa. *Paswadi ya zamani ni rahisi sana. Mwekee Kagure mpya yenye nguvu ili asisumbuliwe. Imefanyika. Sasa mwandikie kwa karatasi.*

Akawa amemwandikia ile ya zamani.

Kagure alibaki pale kitini mpaka mfagiaji alipokuja kuuliza kama afunge. Siku zote hizo walikuwa wameketi chumba kimoja, hatua moja kati yao. Jina lake lilikuwa ndani ya faili lile mara kumi na tisa. Alizihesabu. Hakuna siku hata moja ambayo yeye aliyekuwa wa kwanza kuuliza kwa nini alikuwa ameuliza.

Alizichapisha kurasa zile, akampelekea Daktari Kajuju. Daktari alisoma mpaka mwisho, akavua miwani.

"Mimi ni daktari," akasema. "Aliketi mbele yangu kwa hii meza. Alishika kofia. Nikamsomea makosa yake, na zilikuwa dalili zimeandikwa kwa karatasi, na mimi sikuona ugonjwa. Niliona mfanyakazi mbaya."

"Mimi ndiye niliandika, daktari."

"Wewe uliandika ulichoona. Mimi ndiye nilisomea kuona."

Kamati ilikutana katikati ya mwezi wa tano. Ilifuta uamuzi wa mwanzo, ikaandika barua mpya: kwamba Bwana Mutahi aliacha kazi kwa sababu ya ugonjwa, kwamba hakuwa mzembe, kwamba hospitali ilimkosea na inaomba radhi. Kagure aliomba yeye ndiye aipeleke.

Alifika Kangema Jumapili mchana. Waya ulikuwa pale pale langoni. Watiri alifungua, akaipokea bahasha, akaisoma kimya akiwa amesimama, midomo yake ikitembea. Alipomaliza aliikunja, kisha akaikunjua.

"Nitamsomea," akasema. "Ni yake."

Mutahi alikuwa kwenye kiti chake, amepungua zaidi, blanketi magotini. Watiri aliketi karibu naye, akaisoma barua yote kwa sauti, polepole, akiyatafsiri yale maneno ya ofisini kwa lugha ya nyumbani. Alipofika mahali pa kuomba radhi alipasoma mara mbili, kisha akaendelea hadi kwenye sahihi.

Mutahi alikuwa amesikiliza yote. Uso wake ulikuwa na huruma ya kweli.

"Hiyo ni vizuri," akasema. "Walimwonea huyo mzee." Akamgeukia mkewe. "Na ameambiwa?"

Watiri alimtazama. "Ameambiwa."

"Akasema nini?"

Watiri aliikunja barua. Aliinuka, akaingia ndani, na Kagure akasikia sufuria ikigongwa ikirudishwa mahali pake kwa nguvu isiyohitajika. Mutahi alibaki akingoja jibu, akimtazama Kagure sasa, kwa adabu, kama mgeni huenda anajua.

"Alinyamaza," Kagure akamwambia. "Alinyamaza tu, Mwalimu."

"Ndiyo," Mutahi akasema. "Angesema nini."

Kagure alikuwa amebeba pia zile kurasa za faili. Alipoaga, alimpa Watiri, akamweleza ni nini. Watiri alisoma mistari michache ya juu, ile ya mlango wa maabara na ya Beth, kisha akazirudisha.

"Kaa nazo wewe. Mimi nililala na huyu mtu kitanda kimoja na hakuniambia. Alikuwa akiambia kompyuta." Machozi yalimtiririka, hakuyafuta. "Kama ungekuja mwaka jana, hata mwezi wa kumi, angejua ni wewe. Angejua hiyo barua ni yake. Aliuliza wewe. Alikuwa akiuliza, huyo msichana atakuja lini, mpaka akaacha kuuliza."

"Nisamehe, Mama Beth."

"Sijui kama naweza. Usiniharakishe." Alifungua lango, akamsubiri apite. "Umeshinda njaa. Kuna ndizi nimefunga kwa hiyo mfuko, ziko hapo ukutani. Chukua."

Kagure alizichukua. Manyunyu yalikuwa yameanza. Aliteremka kati ya majani chai kuelekea barabarani, na hakugeuka, kwa sababu alisikia nyuma yake sauti ya Mutahi ikimwuliza mkewe mgeni yule ni nani, na Watiri akianza kumweleza tangu mwanzo.